Mlinda Lango wa Papohapo

Nchi ya Ghafla ilikuwa baina ya milima ya Fahari na bonde la Majuto, na mji wake mkuu uliitwa Papohapo. Mgeni aliyeujia mji huo aliusikia kabla ya kuuona. Du, du, du: hayo yalikuwa mapigo ya Gurudumu Kuu, lililosukumwa na maji ya Mto Dawamu. Gurudumu hilo ndilo lililosaga nafaka, lililovuta mivukuto ya wahunzi, lililoendesha mitambo ya wafumaji, na lililopandisha maji hadi kwenye nyumba za mlimani. Watu walizaliwa ndani ya sauti hiyo na wakazikwa ndani yake, hata mkaazi wa Papohapo akisafiri nchi nyingine aliumwa na kichwa siku tatu kwa sababu ya ukimya.

Watu wa Ghafla walikuwa hodari na wakarimu, lakini walikuwa na aibu moja iliyozidi aibu zote, nayo ni kungoja. Katika nchi yao hakuna jambo lililokuwa na nguvu ya sheria mpaka liandikwe kwenye kibao cha udongo, lichomwe tanurini, na liwekwe juu ya rafu za Jumba la Kumbukumbu. Udongo, kwa bahati mbaya, hauna haraka. Kwa hiyo wazee wao wa kale walibuni kazi ya uchukuzi. Wachukuzi arobaini na mmoja, wanawake kwa wanaume, waliketi kwa safu ndani ya Jumba, kila mmoja na kofia nyekundu kichwani, wakiyumba kidogo kidogo kwa kufuata Gurudumu. Mtu alikuja na neno lake, la ndoa, la mpaka wa shamba au la hukumu, akamwambia mchukuzi. Mchukuzi akalitundika neno moja kwenye pigo moja, lingine kwenye pigo la pili, mpaka habari yote ikakaa kichwani mwake. Kisha akamwambia mwenye neno, "Imekwisha." Naye akaenda zake kwa furaha, akiamini kwamba imekwisha, na ilhali haikuwa hata imeanza. Neno lilikuwa limebebwa tu, likingoja mwandishi apate nafasi. Mwandishi alipopata nafasi, mchukuzi alilitua kwenye udongo, akavua kofia yake na kuiweka magotini, ishara kwamba kichwa chake ki kitupu.

Gurudumu lenyewe lilihitaji kusimama mara kwa mara, maana mhimili wake ulitaka mafuta na meno yake ya mbao yalilika. Kulisimamisha hakukuwa kosa. Lililokuwa kosa, nalo halikuonwa na mtu kwa vizazi vingi, ni jinsi walivyolisimamisha.

Neno la kusimamisha lilikuwa moja, nalo ni "basi". Ni Sultani peke yake aliyeruhusiwa kulitamka. Raia wengine waliliondoa kabisa katika mazungumzo yao. Mahali ambapo watu wa nchi nyingine wangesema basi, wao walisema haya, au hivyo, au walinyamaza. Sultani aliposimama rosheni na kulitamka, bendera ilishushwa, na mlinda lango aliyekuwa juu ya mfereji aliachia wenzo, mti ulioshikilia lango, katika pumzi ile ile. Lango lilianguka, maji yakakatika, Gurudumu likafa. Na kila mtu mjini, popote alipo, alitakiwa kubaki kama alivyo: mwenye kijiko mdomoni akae na kijiko mdomoni, mwenye mguu mmoja hewani ausimamie ule mwingine. Baada ya hapo Sultani alisema "Endeleeni," na uhai ukarudi.

Sultani Hima bin Ghururi aliligeuza jambo hili kuwa tamasha. Hakuna ujumbe wa kigeni uliofika Papohapo usionyeshwe mji mzima ukinyamaza kwa neno moja. Wageni walitoa macho. Sultani alitabasamu. Na ndani ya Jumba la Kumbukumbu, mahali ambapo wageni hawakupelekwa, wachukuzi walikaa wakitazamana, maana mapigo yalipokatika, maneno yaliyotundikwa juu yake yalidondoka kama shanga uzi ukikatwa. Ndoa zilipotea. Mipaka ilipotea. Vibao vilivyoandikwa nusu vilianguka mikononi mwa waandishi kwa kishindo cha lango na kuvunjika. Sheria ya nne ya Ghafla ilikuwa tayari na jibu: neno ambalo halijafika kwenye udongo halikusemwa. Vipande vilizolewa na kutupwa katika chumba cha nyuma kilichoitwa Chumba cha Yatima, na aliyelalamika aliambiwa kwamba mchukuzi wake alikuwa msahaulifu.

Katika chumba hicho alifanya kazi mwanamke aliyeitwa Makini binti Utuvu.

Hakuna aliyemfundisha kusoma. Alijifunza kutoka kwenye vipande, akilinganisha mkwaruzo na mkwaruzo, mpaka herufi zikaanza kusema naye. Alikuwa na sauti ya chini ambayo ilibidi uisogelee, na tabia ya kutazama kitu pande zote kabla ya kukipa jina. Aliingia humo kwa sababu ya kaka yake, Stahamala. Miaka saba iliyopita Stahamala alishtakiwa kwamba amehamisha jiwe la mpaka. Kadhi alimsikiliza asubuhi nzima, akamwona hana hatia, akamwambia mchukuzi, "Ameachiliwa." Mchukuzi akajibu, "Imekwisha." Kabla ya adhuhuri Sultani akawaonyesha wageni tamasha. Gurudumu lilipoamka tena, mchukuzi hakukumbuka kitu, na kabla kosa halijagunduliwa kadhi alikuwa ameshapanda meli ya kwenda kuhiji, naye alifia huko. Rafuni kulikuwa na kibao kimoja tu, cha shtaka. Kibao cha hukumu hakikuwepo. Na mtu mwenye shtaka lisilo na hukumu, kwa sheria ya Ghafla, hupelekwa Machimbo ya Mashaka kuvunja mawe mpaka hukumu ipatikane.

Makini hakulia hadharani wala hakumlaani mtu. Alianza kupanga vipande. Alivipanga kwa udongo, kwa mwandiko, kisha kwa siku. Na alipovipanga kwa siku aliona jambo ambalo lilimfanya akae chini sakafuni kwa muda mrefu. Vipande vyote, bila kimoja kubaki, vilikuwa vya siku za tamasha. Hapakuwa na wachukuzi wasahaulifu. Palikuwa na neno moja lililotamkwa vibaya.

Alipojua hivyo hakwenda kupiga kelele barabarani. Aliomba kazi ya kulinda lango. Ilikuwa kazi ya jua na mvua, isiyopendwa, akapewa. Kutoka juu ya mfereji, kupitia dirisha pana la Jumba, aliweza kuwaona wachukuzi wote na kuhesabu kofia nyekundu.

Siku iliyoleta kesi yake ilikuwa siku ya ugeni wa wajumbe wa nchi ya Dhihaka. Asubuhi hiyo kadhi mpya alikuwa amelifufua shauri la Stahamala, akasikiliza mashahidi upya, akamwachilia. Na neno hilo alikuwa amelichukua Bi Amana, mchukuzi mkongwe kuliko wote, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kukohoa. Alipita chini ya mfereji akamwita Makini.

"Mwanangu, kaka yako ninaye humu," alisema akijigonga kofia. "Nina yeye, nina talaka moja, nina ng'ombe wawili wanaogombewa na ndugu. Wakigombana humo ndani nitakuita."

"Mtue mapema, Bi Amana."

"Waandishi ni kumi na wawili, sisi ni arobaini na mmoja. Mimi wa tatu kwenye safu. Usinitazame hivyo, si mimi niliyeumba udongo."

Bi Amana hakuwa hata ameketi vizuri ndani ya Jumba Sultani alipotokea rosheni. "Basi!" alisema, na bendera ikashuka.

Mkono wa Makini ulikuwa kwenye wenzo. Mji mzima uliganda chini yake: kinyozi na wembe wake, mwanamke na ndoo begani, waandishi na vijiti vyao hewani. Lakini Gurudumu lilikuwa likienda. Du, du, du. Aliona kofia nyekundu arobaini na moja. Akainua sauti, yeye ambaye hakuwahi kuinua sauti, akapiga kelele kuelekea dirishani: "Endeleeni kutua! Lango bado liko wazi! Tueni!"

Waandishi walitazamana. Kisha mmoja akainama juu ya udongo, na wengine wakafuata. Kofia ya kwanza ikashuka magotini, ya pili, ya tatu. Kinyozi alibaki kaganda na wembe wake, mteja wake kaganda chini ya wembe, wajumbe wa Dhihaka walianza kwa kuguna wakaishia kucheka waziwazi, na Sultani alisimama rosheni mkono juu kwa muda ambao ungetosha kupika wali wa watu wawili. Kofia ya mwisho iliposhuka, Makini alishusha lango, taratibu, pingili kwa pingili, mpaka Gurudumu lilipojilaza lenyewe. Kisha akateremka ngazi na kuwanyooshea askari mikono yake.

Kesi ilisikilizwa katika Uwanja wa Amri. Kwa kuwa lililovunjwa ni neno la Sultani, Sultani mwenyewe ndiye aliyekuwa hakimu, na mshtaki alikuwa waziri wake, Bwana Sifa, mtu mwenye sauti nzuri aliyependa kuisikia. Wachukuzi kumi waliletwa uwanjani kubeba maneno ya kesi, Bi Amana akiwa mmoja wao. Kwenye mfereji, uliopita kando ya uwanja, aliwekwa mlinda lango mpya, kijana mwenye shingo nene aliyeitwa Mtiifu, aliyeapa kwamba yeye hatachelewa hata kupepesa.

Kila aliyehudhuria alijua uzito wa shauri lile. Makini akipatikana na hatia, jina lake litafutwa kwenye vibao vyote na atavukishwa mpaka. Na zaidi ya hayo, Bwana Sifa aliomba kwamba yote yaliyoandikwa baada ya neno la Sultani na kabla ya lango kushuka yabatilishwe. Vibao hivyo arobaini na moja, kimoja kwa kila mchukuzi, vilikuwa pale pale mezani, vimefunikwa kwa kitambaa. Cha tatu ndicho kilichosema kwamba Stahamala ameachiliwa.

"Mtukufu alipotamka, ulisikia?" aliuliza Bwana Sifa.

"Nilisikia."

"Bendera uliiona?"

"Niliiona."

"Na mkono wako ulikuwa wapi?"

"Kwenye wenzo."

"Masikio unayo, macho unayo, mkono unao. Ulipungukiwa na nini, binti Utuvu?"

"Na haraka, Bwana Waziri!" alipaza mtu kutoka nyuma, na uwanja ukacheka.

Bwana Sifa alingoja kicheko kitulie, kwa sababu alikipenda. "Mimi nasema hukupungukiwa na kitu. Ulizidiwa na kitu. Kaka yako alikuwa kichwani mwa mchukuzi, nawe ukaifanya nchi nzima ingoje kwa ajili ya mtu mmoja mvunja mawe. Kweli au uongo?"

Makini alifikiri. Watu wa Ghafla hawakuzoea kumwona mtu akifikiri kabla ya kujibu, na baadhi yao walianza kuguna.

"Kweli kwa sehemu," alisema. "Nisingekuwa na kaka, pengine nisingejifunza kuhesabu kofia. Lakini kaka yangu alikuwa wa tatu. Kofia ya tatu iliposhuka zilibaki thelathini na nane, na lango lilikuwa mkononi mwangu. Sikujua zimebeba nini. Niliwangojea hao pia."

Kicheko hakikuja safari hii. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema, si kwa nguvu, "Neno langu lilikuwa kwenye kofia ya ishirini," kisha akajificha nyuma ya mumewe.

"Na sheria?" alisema Bwana Sifa. "Nchi husimama neno linapotamkwa."

"Nchi husimama lango linaposhuka, Bwana Waziri. Baina ya neno na lango kuna watu. Hilo ndilo ninaloliomba baraza hili liliangalie."

Sultani Hima alikuwa amesikiliza huku akicheza na pete yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia subiri. Aliinuka kutoa hukumu. Siku zote alitoa hukumu kutoka kitini, kwa neno moja la ndiyo au siyo, lakini leo shauri lilikuwa na pande, na mtu mwenye pande za kusema huhitaji mahali pa kuanzia. Akaanza kama angeanza mtu yeyote wa nchi yoyote anayekusanya mawazo yake.

"Basi, kwa kuwa tumewasikia wote wawili—"

Mtiifu hakupepesa. Lango lilianguka kwa kishindo kilichotikisa vumbi la uwanja. Du ya mwisho ilikatika katikati.

Ukimya uliwaangukia. Uwanja mzima uliganda: Bwana Sifa na kidole juu, askari na mikuki, mwanamke na mtoto wake mgongoni, mtoto peke yake akichezesha mguu kwa kuwa hakujua sheria.

"Sikuamuru!" alisema Sultani. "Nilikuwa naanza kusema! Sifa, waambie sikuamuru!"

Jicho la Bwana Sifa lilimtazama bwana wake kwa huruma kubwa, lakini kidole kilibaki juu. Sultani alishuka jukwaani, akatembea baina ya watu wake kama anayetembea makaburini, akimgusa huyu bega na yule mkono, na hakuna aliyethubutu kupumua kwa sauti. Hakuwa amewahi kuwa upande huu wa neno lake. Mwishowe alisema, kwa sauti iliyokwaruza, "Endeleeni. Tafadhali."

Lango liliinuliwa. Gurudumu lilikoroma, likakataa, likakubali. Lakini wachukuzi kumi walikuwa wakitazamana.

"Mbona tumekaa juani?" aliuliza Bi Amana. "Kuna harusi?"

Hapo mtumishi wa kike wa kasri alijipenyeza mbele na kupiga magoti. "Mtukufu, nisamehe. Leo alfajiri mama yako alisema."

Uwanja wote ulijua habari ya mama wa Sultani. Mama na mwana walikosana mwaka ambao Sultani alitawazwa, na tangu wakati huo hakumpa mwanawe neno. Sasa alikuwa kitandani, na ulimi wake ulifunguka siku moja na kufungika siku nyingi.

"Alisema nini?" aliuliza Sultani.

"Sijui, Mtukufu. Alinitoa nje. Alitaka mchukuzi. Alimpa Bi Amana maneno yake kwako, ili yaandikwe, uletewe yakiwa kamili. Nilipoingia tena alikuwa amekwisha kunyamaza, na amenyamaza mpaka sasa. Lakini nikiwa mlangoni nilimsikia akisema, radhi."

Sultani alimgeukia Bi Amana, naye Bi Amana, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila mtu, hakuwa na mzaha. Alivua kofia yake akaitazama ndani kana kwamba kitu kimebaki humo.

"Alinishika mkono," alisema. "Mkono naukumbuka. Ulikuwa wa moto. Mengine, baba, nisamehe. Hayapo."

Sultani alikaa kwenye ngazi ya jukwaa, mahali ambapo hukaa walinzi.

Bwana Sifa, aliyekuwa mwepesi wa kuona njia, aliinama sikioni kwake, lakini sauti yake nzuri haikujua kunong'ona. "Mtukufu, kuna na hili jingine. Mwandishi hakuwa ameanza. Shtaka halimo kwenye udongo. Kwa sheria ya nne, hakuna kesi."

Watu walisikia, na habari ilikimbia uwanjani. "Hakuna kesi! Hakuna kesi! Nenda zako, Bi Makini! Mchukulie kaka yako kibao chake!" Mwanamke wa ishirini aliruka na mtoto mgongoni. Askari mmoja alimfungua Makini mikono, akimtabasamia.

Makini alisugua vifundo vya mikono. Kibao cha tatu kilikuwa hatua sita mbele yake, chini ya kitambaa. Machimbo yalikuwa mwendo wa nusu siku. Hakuna aliyemzuia. Ingetosha kunyamaza, na kunyamaza ndiko alikokujua kuliko watu wote wa Ghafla. Alitazama kitambaa. Alimtazama Bi Amana na kofia yake, kisha yule mtu kwenye ngazi aliyekuwa akijaribu kulikisia neno ambalo hakulisikia. Shtaka lake na radhi ya mama vilikuwa vimepotea kwa pigo moja. Iwapo shtaka halikusemwa, na radhi haikusemwa. Na hukumu ya kwanza ya Stahamala, miaka saba nyuma, haikusemwa pia, na wote waliompeleka machimboni walikuwa na haki.

Alipita mbele ya kibao cha tatu bila kukigusa, akaenda alipokaa mwandishi.

"Una udongo laini?"

"Ninao," alisema mwandishi, akishangaa.

"Andika. Mimi Makini binti Utuvu nashtakiwa kwamba siku ya ugeni wa Dhihaka, Sultani alipotamka neno, sikushusha lango."

"Dada, una wazimu?" alifoka mtu. "Umeshaachiliwa!"

"Sijaachiliwa. Nimesahauliwa." Akamgeukia mwandishi. "Umefika wapi? Usikimbie. Nitakungoja."

Na alimngoja. Alitamka sentensi, akanyamaza mpaka kijiti kikatulia, akatamka nyingine. Alirudia maswali ya Bwana Sifa kwa uaminifu, hata lile la kumwaibisha, hata kicheko cha watu. Na Bwana Sifa, ambaye hakuwahi kusikia maneno yake yakienda polepole kiasi kile, alimsahihisha mahali pawili, tena kwa adabu. Jua liliondoka utosini. Watu wa Papohapo, kwa mara ya kwanza maishani mwao, walingoja. Wengine walikaa chini. Mtu mmoja alileta maji, yakazungushwa.

Alipokwisha, Sultani alimwita. Hakupanda kitini.

"Wewe ungesimamishaje?" alimuuliza.

"Ningetangaza kwanza, Mtukufu. Ningewaambia watu mapema: Gurudumu litasimama saa fulani, kwa sababu fulani. Na sababu ikiondoka, ningetangaza tena kwamba halisimami, wasikae na hofu bure."

"Kisha?"

"Saa ikikaribia, mlango wa Jumba ufungwe kwa wanaoingia, ubaki wazi kwa wanaotoka. Anayekuja na neno jipya aambiwe kesho, badala ya kuambiwa imekwisha. Kisha waliomo waombwe kumaliza. Waombwe, Mtukufu. Mfumaji amalize uzi wake, mhunzi atoe chuma motoni, mchukuzi atue. Wakubwa wawangoje wadogo waliowatuma, asiachwe mtu anayemngoja bwana aliyekwisha kuondoka."

"Na asiyesikia?"

"Aombwe tena."

"Na asiyetaka?"

Hapo Makini alikawia. "Yupo ambaye hataki, na yupo ambaye amekwama, hawezi. Kuna muda wa kuwangoja, na muda huo una mwisho. Ukifika, ashikwe mkono atolewe kwa nguvu. Sisemi ni vizuri. Atapoteza alichobeba. Lakini apotezewe yeye mmoja, na jina lake liandikwe, ili akirudi tujue anatudai nini."

"Na mto ukifurika? Nyumba ikiwaka?"

"Hapo mlinda lango asingoje mtu. Siku hiyo ipo, nayo ni tofauti na siku ya kuonyesha wageni. Siku nyingine zote, kofia zote zikiwa magotini, rafu zifungwe milango yake, na lango lishuke mwisho. Na Gurudumu linapoamka, liamke kwa njia ile ile kinyumenyume: maji kidogo kwanza, rafu zikaguliwe, ndipo wafumaji na wahunzi waitwe."

Sultani alisema, akimtazama mwandishi na si watu, akikata kila sentensi ili udongo umfikie:

"Nchi husimama kofia ya mwisho inapokuwa magotini. Yaliyoandikwa kabla ya hapo yameandikwa. Vibao arobaini na moja virudi rafuni." Akangoja. "Makini binti Utuvu alisikia amri na hakuitii. Hakuniuliza kabla, wala hakunionya, na mji uliganda bila kujua kwa nini. Hatashika tena wenzo. Jina lake lisifutwe. Kazi yake itakuwa kumfundisha Mtiifu kuhesabu."

"Nimekubali," alisema Makini. Alidhani ni haki, na hata baadaye, alipolitazama jambo hilo pande zote, hakupata upande uliomwonyesha vingine.

Sultani alikwenda kukaa kando ya kitanda cha mama yake. Wanasema alikaa huko siku nyingi, akimshika mkono, na hakumharakisha.

Kesho yake Makini alipanda kwenda Machimbo ya Mashaka, kibao cha tatu kikiwa ndani ya kikapu chenye majani. Msimamizi alikisoma mara mbili, akakigeuza, akatikisa kichwa. "Yule pale mwisho," alisema. "Nimwite?"

"Hapana. Nitakwenda."

Stahamala alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe kubwa lenye ufa katikati. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, au zilikuwa nyeupe tu. Upande wa pili wa jiwe lile lile, mfungwa mwingine alikuwa ameingiza mikono yake ndani ya ufa, akishikilia kabari. Stahamala akiacha kupiga nyundo sasa, ufa utafunga na kuibana mikono ile. Stahamala aliinua macho, akamwona dada yake, akaona kikapu, akaona uso wa msimamizi nyuma yake. Alielewa yote.

"Dada," alisema. "Nina huyu mkononi."

"Mmalizie," alisema Makini.

Akatandika khanga yake kwenye changarawe, akakaa.